Snape: ghala la kimea lililogeuka nyumba ya nyimbo na sanamu

Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kuna ukumbi ambamo watu mia nane huketi kimya saa nzima na zaidi wakimsikiliza mwimbaji mmoja na piano moja, bila kipaza sauti, bila ngoma, wala mtu kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji, huenda akakuuliza kama hao wako kwenye onyesho au kwenye tanzia. Ukumbi huo upo. Unaitwa Snape Maltings, uko kando ya mto Alde katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na nje yake kuna sanamu kubwa zilizosimama kwenye nyasi zikitazama matete na maji.

Makala haya yanaeleza mahali hapo palivyoanza, nyimbo za aina gani huimbwa humo, sanamu zilifikaje, na kwa nini jambo hili linatuhusu watu wa pwani. Maana Snape na mji jirani wa Aldeburgh nao ni pwani: mji mdogo wa wavuvi, ufuo wa changarawe, na bahari inayokula nchi kavu mwaka hadi mwaka.

Mji wenyewe

Aldeburgh uko kwenye Bahari ya Kaskazini. Zamani ulikuwa na bandari na waunda meli. Jengo la baraza la mji, Moot Hall, lilijengwa katika karne ya 16 likiwa katikati ya mji. Leo liko karibu na ufuo kwa sababu mitaa iliyokuwa mbele yake imeliwa na maji. Kusini yake kulikuwa na kijiji kiitwacho Slaughden, nacho kimekwenda na bahari.

Mwaka 1754 alizaliwa hapo mshairi George Crabbe. Mwaka 1810 alichapisha utungo mrefu uitwao The Borough, unaoeleza maisha ya mji wa pwani bila kuupamba: umaskini, ulevi, wema wa wachache na ukatili wa wengine. Mmoja wa watu waliomo ni mvuvi Peter Grimes, aliyewatesa vijana waliokuwa wakimfanyia kazi mpaka wakafa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1941, mtunzi wa muziki Benjamin Britten alikuwa Marekani pamoja na mwimbaji Peter Pears. Britten alizaliwa Lowestoft, mji mwingine wa wavuvi wa Suffolk, tarehe 22 Novemba 1913. Akiwa California alisoma makala ya E. M. Forster kuhusu Crabbe, na kusoma huko kukamkumbusha kwao. Mwaka 1942 wawili hao walirudi Uingereza, vita vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1945 opera yake ya Peter Grimes ilitolewa London, na Pears ndiye aliyeimba sehemu ya mvuvi. Mwaka 1947 wakahamia Aldeburgh.

Wangeweza kukaa London, waliko matajiri na magazeti. Badala yake, mwaka 1948, pamoja na mwandishi Eric Crozier, walianzisha tamasha mjini mwao. Ukumbi wao ulikuwa Jubilee Hall, ukumbi wa mji wenye nafasi ya watu kama 300, na kanisa la mji. Forster mwenyewe alikuja kutoa mhadhara juu ya Crabbe. Tamasha hilo hufanyika kila mwaka mwezi wa Juni.

Wimbo wa kisanaa ni nini

Wimbo wa kisanaa ni shairi lililoandikwa kwanza na mshairi, kisha mtunzi wa muziki akalitilia sauti kwa kuandika kila noti, ya mwimbaji na ya piano. Mwimbaji haongezi lake wala hapunguzi. Piano nayo haimfuati mwimbaji kama mtumishi. Mara nyingi ndiyo inayosema lile ambalo maneno yameliacha.

Kwa mtu aliyekulia pwani hili si geni kabisa. Sisi pia tunajua kwamba shairi huwa na mwenyewe na sauti ikawa na mwenyewe. Malenga hutunga kwa vina na mizani, kisha mwimbaji wa taarabu akalitafutia lahani. Tofauti iko kwenye ukumbi. Katika taarabu msikilizaji ni mshiriki: hujibu, hutunza, hujua fumbo linamlenga nani. Katika onyesho la nyimbo za kisanaa msikilizaji hupewa kijitabu chenye maneno ya mashairi yote, pamoja na tafsiri yakiwa ya lugha nyingine, akasoma na kusikiliza. Nyimbo hupangwa mafungu mafungu, na makofi hupigwa fungu likiisha, si kila wimbo. Kwa kuwa hakuna kipaza sauti, ukimya wa ukumbi ndio unaobeba sauti. Kikohozi kimoja husikika mpaka nyuma.

Britten alitunga mafungu mengi ya nyimbo hizi, nyingi kwa ajili ya sauti ya Pears, ambayo ni tenori, sauti ya juu ya kiume. Mwaka 1945 alitunga nyimbo kwa mashairi ya John Donne. Mwaka 1953 kwa mashairi ya Thomas Hardy. Mwaka 1965 kwa maneno ya William Blake, akimtungia mwimbaji Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau. Fikiria mwaka huo wa mwisho: miaka 20 tu baada ya vita ambavyo nchi hizi mbili zilibomoleana miji, Mjerumani anasimama katika ukumbi wa mji wa wavuvi wa Kiingereza akiimba mashairi ya Kiingereza, na Mwingereza yuko kwenye piano.

Fungu moja linatupeleka moja kwa moja kwenye sanamu. Mwaka 1940 Britten alitilia muziki mashairi saba ya Kiitaliano ya Michelangelo, yule mchongaji wa karne ya 16 aliyetoa Daudi kutoka kwenye jiwe la marumaru. Watu wengi hawajui kwamba Michelangelo alikuwa pia mshairi. Pears na Britten waliyaimba kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira mwaka 1942, katika Wigmore Hall, London. Mkono uliochonga jiwe ndio ulioandika maneno. Sanaa hizi mbili zilikuwa nyumba moja zamani.

Ghala, moto, na ukumbi

Kijiji cha Snape kiko kilomita chache kutoka Aldeburgh ukifuata mto. Huko, katika karne ya 19, mfanyabiashara Newson Garrett alijenga majengo makubwa ya matofali ya kutengenezea kimea, yaani shayiri iliyochipushwa kisha ikakaushwa kwa ajili ya viwanda vya bia. Matishali yalipanda mto maji yakijaa, yakapakia, yakashuka nayo. Mwaka 1965 kazi hiyo ilikoma na majengo yakabaki matupu.

Tamasha lilikuwa limekua, na Jubilee Hall ilikuwa haitoshi. Britten na wenzake wakaona kwamba hawahitaji kujenga kipya. Wakamwendea mhandisi Derek Sugden wa kampuni ya Arup Associates, naye akageuza moja ya majengo hayo kuwa ukumbi. Kuta za matofali ziliachwa zionekane na paa likawa la mbao. Matundu ya juu yaliyokuwa yakitoa hewa ya moto wakati wa kukausha kimea yalibaki katika umbo la paa, hata leo ukilitazama kwa mbali unajua hili lilikuwa ghala. Ilitokea kwamba tofali na mbao hizo hurudisha sauti kwa namna ambayo wanamuziki wengi huisifu mno. Malkia Elizabeth II aliufungua ukumbi huo Juni 1967.

Miaka miwili baadaye, Juni 1969, usiku wa kwanza wa tamasha, ukumbi uliungua. Zilibaki kuta za nje tu. Tamasha halikusimama: maonyesho yalihamishiwa mahali pengine, likiwemo kanisa la kale la Blythburgh. Ukumbi ukajengwa tena, na Juni 1970 Malkia alirudi kuufungua mara ya pili.

Britten alifariki mwaka 1976, Pears mwaka 1986. Wamezikwa ubavu kwa ubavu katika uwanja wa kanisa la Aldeburgh. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamefanya jambo ambalo ndilo lililookoa kazi yao isife nao: walianza kufundisha. Kuanzia mwaka 1972 waimbaji vijana walikuja Snape kwa madarasa ya wazi, ambapo mwanafunzi huimba mbele ya mwalimu na wasikilizaji, akakosolewa, akarudia. Shule hiyo inaendelea. Mwaka 2013, miaka mia moja tangu Britten azaliwe, ulianzishwa pia mpango uitwao Friday Afternoons, ambao huwaagiza watunzi walio hai watunge nyimbo mpya za watoto wa shule, kwa kufuata mfano wa nyimbo alizotunga Britten katika miaka ya 1930 kwa shule aliyofundisha kaka yake.

Mpango kama huo haukuanza juzi. Mwaka 1958, katika kanisa la kijiji cha Orford, Britten alitoa igizo la kuimbwa la kisa cha Nabii Nuhu na safina. Waimbaji wengi walikuwa watoto wa sehemu hizo. Matone ya kwanza ya gharika yalipigwa kwa vikombe vya chai vilivyoning'inizwa kwenye kamba. Mtoto asiyejua kusoma muziki aliweza kugonga kikombe, naye akawa ndani ya kazi.

Sanamu nje ya mlango

Nje ya ukumbi wa Snape, ambako mtu yeyote hupita bila tikiti, kuna sanamu tatu za Barbara Hepworth. Ni sehemu ya kazi yake iitwayo The Family of Man, aliyoikamilisha mwaka 1970, yenye maumbo tisa ya bronzi, mchanganyiko wa shaba na bati. Kila umbo ni kama mawe makubwa yaliyopandishwa moja juu ya jingine, yakatobolewa. Hayana uso wala mikono. Ukisimama nyuma yake unaona mbingu na matete kupitia tundu, na ukisogea hatua mbili picha ile inabadilika.

Nalitaja hili la kukosa uso kwa makusudi. Katika mitaa yetu neno sanamu huwatia wengi wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi katika dini yao. Lakini uchongaji si lazima uwe kumfinyanga mtu. Mafundi wetu wa milango ya Lamu na Mombasa wamechonga karne na karne maua, minyororo na mistari bila kuweka kiumbe. Hepworth alifika mahali karibu na hapo kwa njia yake mwenyewe: alichonga uhusiano kati ya vitu, nafasi iliyo kati ya jiwe na jiwe.

Si kila kazi iliyopata nafasi Snape ni ya utulivu huo. Kuanzia mwaka 2011 wasanii wa kizazi kipya walialikwa kuonyesha kazi zao wakati wa tamasha. Kazi ya Sarah Lucas iitwayo Perceval ni farasi wa bronzi mwenye ukubwa wa farasi hasa, akivuta mkokoteni wenye maboga makubwa mawili ya saruji. Mfano wake ni yale mapambo ya kauri ambayo familia za kawaida za Kiingereza huweka sebuleni. Mtoto hukimbilia farasi. Mkubwa hujiuliza kwa nini pambo la kabati la bibi yake limekuwa kubwa hivi na kuwekwa nje ya ukumbi wa muziki wa heshima.

Kombe lililoleta ugomvi

Sanamu iliyozua maneno zaidi haiko Snape bali kwenye ufuo wa Aldeburgh wenyewe. Mwaka 2003 msanii Maggi Hambling, mzaliwa wa Suffolk, aliweka hapo kombe la chuma kisichoshika kutu lenye kimo cha mita 4, kwa kumkumbuka Britten. Lilifuliwa na mafundi wa hapo hapo Aldeburgh. Maneno kutoka opera ya Peter Grimes yametobolewa ukingoni mwake, hivi kwamba unayasoma kwa mwanga wa mbingu. Watu huruhusiwa kulikalia, na watoto hulipanda.

Baadhi ya wakazi walilikataa tangu siku za mwanzo. Walisema ufuo ule ulikuwa mzuri kwa sababu haukuwa na kitu. Wengine walilipenda. Saini zilikusanywa pande zote mbili, moja ikitaka liondolewe na nyingine libaki. Zaidi ya mara moja limemwagiwa rangi usiku, likasafishwa. Bado lipo, na leo ni kati ya vitu vinavyopigwa picha zaidi mjini.

Kuna funzo hapa kwa anayefikiria kuweka kazi ya sanaa mahali pa wazi. Ukumbi una mlango: asiyependa haingii. Ufuo hauna mlango. Anayeweka kitu hapo amekiweka mbele ya macho ya kila mvuvi anayeshuka alfajiri na kila mzee anayekwenda kupunga upepo. Ukubwa wa jina la msanii si ruhusa. Lazima watu waulizwe mapema, na hata wakiulizwa, ugomvi huenda usiishe. Bora uwe ugomvi wa watu waliosikilizwa.

Fatuma na Selim katika wimbo wa Kijerumani

Kuna uzi mwingine unaounganisha nyimbo hizi na sisi. Mjerumani Hans Werner Henze, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2012, alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa Ulaya baada ya vita, na alimheshimu Britten hata akamtunukia kazi yake ya mwaka 1958 ya sauti ya tenori, gitaa na ala nyingine. Makao yake yalikuwa Italia, lakini katika umri wake wa utu uzima alikuwa akija pwani ya Kenya, Lamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliwatungia mwimbaji Ian Bostridge na mpiga piano Julius Drake fungu la nyimbo sita, Sechs Gesänge aus dem Arabischen, yaani nyimbo sita kutoka Kiarabu. Jina hilo lisikudanganye: maneno mengi aliyaandika mwenyewe kwa Kijerumani, na wimbo wa mwisho umetumia beti za Hafidh wa Shiraz kwa tafsiri ya Friedrich Rückert. Wimbo wa kwanza unaitwa Selim na upepo. Wa tano ni kilio cha Fatuma. Tazama jina hilo: Mwarabu husema Fatima, Fatuma ni matamshi ya huku kwetu.

Basi mwanamke mwenye jina la mitaa yetu analia katika kumbi za Ulaya, kwa Kijerumani, na piano ndiyo bahari yake. Si jambo la kulaumu. Mgeni amesikia, ameandika. Lakini inafaa tujiulize ni nani kati yetu anayemtungia Fatuma wimbo kwa Kiswahili, na akiutunga, atauimbia wapi.

Tunachoweza kuchukua

Snape leo inaendeshwa na shirika la hisani, Britten Pears Arts, lililotokana na muungano wa mashirika mawili mwaka 2020. Fedha hutoka kwenye tikiti, ruzuku ya serikali, wafadhili, na maduka na mikahawa iliyo katika majengo mengine ya kimea. Kwa hivyo sanaa pale haijitegemei kwa tikiti peke yake, na haijawahi. Anayedhani ukumbi wa nyimbo utajilipa wenyewe ndani ya mwaka mmoja atavunjika moyo.

Hata hivyo, ukitoa fedha na Malkia, kinachobaki ni vitu ambavyo pwani yetu haikosi. Kwanza, walianza na mshairi wao wenyewe, aliyeandika habari za mji wao. Sisi tuna Muyaka wa Mombasa, aliyetunga katika karne ya 19 juu ya vita, biashara na mapenzi ya mji huu. Pili, walianza na ukumbi mdogo uliokuwapo, na walipokua wakatumia ghala lililoachwa. Maghala ya zamani na nyumba za mawe zilizofungwa haziko Snape peke yake. Tatu, walifundisha watoto kabla hawajazeeka.

Jaribio dogo halina gharama. Nyumba ya kale ya Kiswahili ina kuta nene za matumbawe, dari ya boriti, na vyumba virefu vyembamba. Mwite malenga mmoja, mwimbaji mmoja na mpiga udi. Zima kipaza sauti. Wape wasikilizaji karatasi yenye shairi, kisha nyamazeni nyote msikie ukuta unasema nini.